Mama Victorine na Msaada Uliorudishwa Mlangoni

Mama Victorine, mwaka umezunguka tangu tulipokulaza katika udongo wa Wamaza, na mvua imerudi juu ya shamba lako la mpunga.

Ulikuwa mtu wa kuomba, mama. Uliomba Mungu na uliomba watu, bila haya. Ukitoka shambani na mzigo wa kuni kichwani, ulimwita yeyote aliyepita: "Baba, njoo unitue." Ukikosa chumvi uligonga kwa jirani, na jirani akikosa mawese alijua chupa yako inakaa wapi. Kabla ya kushika jembe ulisema kwa sauti, "Bwana, peke yangu siwezi." Kisha ulilima kushinda vijana.

Nadine, binti yako wa kwanza, aliona aibu. "Mama, watu watasema sisi ni wa kuomba-omba." Ulicheka tu, ukamsogezea kalanga.

Yeye alijua kutoa, kupokea hakujua. Aliongoza wamama wa kanisa miaka mingi, na walipomchagua mwenzao Grâce mahali pake, alimpongeza mbele ya wote, akaenda kulilia nyumbani. Tangu hapo salamu kati yao ikawa ya mbali.

Ndipo kifua kikakushika. Ulikohoa mpaka mbavu zikauma, ukaacha kula. Grâce akaja na mumewe André, pikipiki yao imejaa mafuta.

"Yaya, dada yangu, tumupeleke mama Kabambare. Hopitali iko na dawa."

Nadine alisimama mlangoni, hakupisha. "Merci, Grâce. Sisi tunategemea Mungu. Na Bruno iko njiani na pikipiki yetu."

Ni kweli, mdogo wake Bruno alikuwa anatoka Lusangi. Lakini si hilo lililomfunga Nadine. Alikuwa anasikia tayari wamama wakisimulia jinsi Grâce alivyomwokoa mama wa Nadine. Hilo hakuweza kulivumilia, akaliita imani.

Bruno alikwama matopeni, daraja la miti limechukuliwa na maji. Siku ikapita, ikafuata nyingine. Homa ikapanda, ukaanza kuongea na mama yako aliyekufa zamani. Hapo Nadine akatoka mbio kwenye mvua, kichwa wazi, akapiga magoti uani kwa Grâce. Hata hodi hakupiga.

"Munisaidie. Miye nimeshindwa."

Grâce alimwinua. Njia ilikuwa imeharibika, pikipiki haipiti tena, basi André akaita wanaume wakakubeba begani kwa tipoyi, machela ya miti, huku Nadine na Grâce wakipokezana kukukingia mvua usoni. Hopitalini muuguzi alikusikiliza kifua, kisha akamtazama Nadine. "Mulichelewa wapi, mama?"

Ulipata nafuu kidogo kabla ya kutuacha. Nadine alikuwa anakunywesha maji kwa kijiko.

"Mama, Grâce alikuja kukuchukua. Miye nilimurudisha."

"Nilisikia. Nilikuwa macho."

"Sasa juu ya nini haukusema kitu?"

"Niliogopa utapata haya mbele yake. Na miye nilikosa, mwanangu. Tuombe."

Ulianza sala, pumzi ikakupungukia. Aliimalizia yeye, analia, nawe ukaitikia amina kwa midomo tu.

Ulimsamehe, mama, na ukajitia nawe katika kosa ili asibaki ndani yake peke yake. Lakini wanaomwambia "yalikuwa mapenzi ya Mungu" wanamuumiza. Anajua Mungu alikuwa ameshatuma pikipiki mpaka mlangoni. Alisimama kanisani akawaambia wamama hivyo hivyo, bila kujitetea. Wengine walinung'unika, na mmoja hamsalimii mpaka sasa. Grâce akauliza:

"Yaya, na shamba la mama, nani atalilima?"

Tulizoea kumsikia akisema "nitaliweza." Safari hii aliinamisha kichwa. "Sijui. Muje tulime pamoja."

Walikuja. Mpunga umeota vizuri, lakini hatia haijamtoka. Siku nyingine anaacha jembe katikati ya mstari na kusimama tu, na hakuna anayemharakisha. Jumapili anakaa viti vya nyuma. Zamani sala yake ilijaza kanisa na watu waliisifu wakitoka. Sasa akiombwa kusali, anaanza polepole, anasita, anatafuta neno, kama mtu anayejifunza kuongea na Mungu kwa mara ya kwanza.

Wanaokukumbuka kwa upendo: watoto wako Nadine, Bruno na Malaika, ndugu yako Musafiri wa Kasongo, wakwe na wajukuu wako wote, pamoja na Grâce na André, waliokubeba.

Hutatutoka moyoni, mama. Pumzika kwa Bwana.