Siku Kitongoji Kilipojifungia Ndani

Mpendwa Shangazi,

Huku Arusha baridi imeingia, na kila baridi inapoingia nakukasirikia kidogo. Nafunga kamba za viatu vya mbio kabla hakujapambazuka vizuri, ukungu umejaa barabarani, na mwili wangu wote unaniambia nirudi kulala. Ndipo nasikia sauti yako: "Sikora, jua halimngoji aliyejifunika." Basi natoka. Umelala kaburini Busunzu, kule kwetu Kibondo, miaka mingi sasa, lakini kazi ya kuniamsha hujaiacha.

Nataka tukumbushane kipupwe kile cha miaka ya tisini, cha mbio za vilima. Barua hii itasomwa na wengine pia, kwa hiyo univumilie nikieleza hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Wazazi wangu walishatangulia, na wewe hukuwa na mtoto mwingine. Tulikuwa wawili tu, na muhogo, na migomba, na mgongo wako uliokuwa ukigoma kila ulipoinama. Ndipo akaja afisa michezo wa wilaya, kijana wa Tanga ambaye baridi yetu ilimfanya avae sweta mbili na koti juu. Akatangaza pale shuleni kwamba kutakuwa na mbio za wasichana wa Kibondo na Kasulu, za kupita vilimani, na atakayekuwa wa kwanza atachukuliwa kwenye kambi ya timu ya mkoa, Kigoma mjini. Huko angepewa mahali pa kulala, chakula na mwalimu wa mbio, na akiweza, angesogezwa mbele zaidi.

Sote wawili tulielewa maana yake. Nikishinda, naondoka, nawe unabaki peke yako na mgongo wako. Nilikueleza jikoni nikiangalia chini. Ulichochea moto kwanza, kisha ukasema, "Ukishindwa utaolewa. Ukishinda utaondoka. Kote kote naachwa. Afadhali uniache kwa mbio." Hatukulizungumza tena. Kesho yake mazoezi yakaanza, na balaa pia.

Kwetu msichana mkubwa hakimbii alfajiri mikono mitupu bila sababu, na sababu inayojulikana ni msiba. Mimi hilo sikulifikiria. Nilitoka mbio kwenye ukungu, nikampita mke wa Mzee Ruhuza akienda kisimani, na kwa kuwa pumzi ya kusema sikuwa nayo, nikampungia mkono. Huo mkono ndio uliomaliza kila kitu. Niliporudi nilikuta uwanja wetu umejaa kina mama, kanga zimefungwa kiunoni, wengine wameshakaa chini na kunyoosha miguu. Kuni zilikuwa zimeletwa, maharage yalikuwa jikoni, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia ili wengine wasije wakamtangulia.

Nilisimuliwa baadaye jinsi ulivyotoka mlangoni na mwiko mkononi ukauliza, "Yewe, amekufa nani?" Nao wakakujibu, "Tumekuja kukuuliza wewe." Kwa kuwa wewe ulikuwa mzima, na mimi nilionekana nikikimbia, wakakubaliana kuwa atakuwa ni mdogo wako wa Uvinza. Na wewe, Shangazi, badala ya kuuliza habari imetoka wapi, ukaanza kulia. Nilikukuta unamlilia Baba Mdogo kwa majina yake yote, unasifu moyo wake mwema, yeye aliyekuwa Uvinza mzima wa afya, na ambaye wiki moja kabla ulikuwa ukimwita mchoyo. Maharage yalikuwa yameshaiva, kwa hiyo yakaliwa.

Toka siku hiyo ukaweka sheria: sikimbii mikono mitupu. Kila mbio ziwe na ujumbe, ili anayeniona aone mtu aliyetumwa. Nikakimbia na chumvi imefungwa kwenye pindo la kanga. Nikakimbia hadi ng'ambo ya bonde kuuliza kama mbuzi wa fulani amezaa. Nikakimbia na kibuyu cha maziwa, na kilipofika siagi ilikuwa imeshaanza kujitenga. Mwisho watu walizoea huduma ile. Wakawa wanakuja jioni kuuliza, "Kesho Sikora anapita upande gani?"

Halafu kulikuwa na Kiswahili cha yule afisa. Sisi Kiswahili tulikijua cha shuleni na cha redioni, lugha ya nyumbani ilikuwa Kiha, na yeye maneno yake yalikuwa ya pwani. Alikuagiza mbele yangu, "Mama, wakati huu wa baridi hakikisha anapasha mwili moto kabla ya kukimbia." Ukaitikia, "Ego," kwa heshima zote. Kwa hiyo kila alfajiri ulinikalisha kwenye mafiga ukanigeuza geuza, mgongo, ubavu, tumbo, mpaka uridhike kwamba nimepata moto. Nilitoka nikinuka moshi, macho yakitiririka machozi. Afisa alipokuja kuniangalia akashangaa mbona msichana huyu analia kabla hata hajaanza.

Na mawese nayo. Ulinipaka miguu na mikono ili baridi isiniingie, nikawa nang'aa kwa rangi ya machungwa, na kila mbwa kati ya Busunzu na bonde la pili akanipenda. Afisa alinisifu kwamba kasi yangu imeongezeka sana sehemu za tambarare. Hakuuliza sababu, na mimi sikumwambia.

Lakini kilichotugombanisha kweli ni salamu. Wageni wanaosoma wajue kwamba kwetu salamu si neno la kurusha ukipita. Unasimama, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye", na mzee anakuitikia kisha anakuuliza. Anauliza ulivyoamka, anauliza aliyekulea alivyoamka, anauliza mbuzi, anauliza muhogo ulioloweka. Asubuhi za kipupwe wazee wote huwa nje, kila mmoja na kigoda chake mbele ya nyumba akiota jua, na njia yangu ilipita mbele yao wote. Mzee Ruhuza ndiye aliyekuwa mwisho wa matatizo. Akimaliza salamu alirudi mwanzo kuhakikisha hakuna alichoruka.

Nilikulalamikia. Ukanijibu, "Miguu ni yako. Salamu ni za nyumba hii." Hata afisa alijaribu, maskini. Alikuja na saa yake shingoni akakuambia mtoto anakimbia vizuri sana, ila anachuchumaa kila nyumba na kupiga makofi. Ukamwambia, "Si ulisema apumue? Hapo ndipo anapumua." Akafuta miwani yake, akaomba maji ya kunywa.

Zilipobaki siku chache, afisa alituonyesha njia yenyewe. Tungeanzia uwanja wa shule, tungeshuka hadi mtoni, tungepanda kilima cha ng'ambo, kisha tungerudi na kupita katikati ya kitongoji chetu hadi uwanjani tena. Wasichana wa Kasulu walikuwa na raba, na hawakuwa na mtu wa kumsalimia Busunzu. Jioni ile nilikuuliza, "Shangazi, siku ya mbio si naweza kupita tu?"

Ulikuwa unachambua maharage, hukuinua hata uso. "Mzee akikuona, simama. Ukimpita mzee anakuangalia, usiseme ulilelewa na mimi."

Niseme ukweli, nilikuchukia usiku huo. Niliona wazi kwamba hutaki niende, na kwamba umepata njia ya heshima ya kunibakiza. Nililala nimekupa mgongo.

Asubuhi ya mbio ulinipasha moto kama kawaida, ukanipaka mawese, ukasema una kazi, hutakuja uwanjani. Nikaondoka bila kuaga vizuri. Baridi ilikuwa kali mpaka wasichana wa Kasulu walikuwa wanaruka ruka wasigande. Tulipoanza sikuona mbele zaidi ya mgongo wa aliyenitangulia. Mtoni maji yaliniuma hadi magotini. Kwenye kilima cha ng'ambo wakaanza kubaki nyuma mmoja mmoja, maana vilima vile nilivipanda na chumvi ya watu miezi mizima. Tulipoanza kurudi tulikuwa tumebaki wawili, mimi na msichana mmoja mrefu wa Kasulu, na alikuwa ananisikia ninavyohema. Jua lilikuwa limeshatoka na kitongoji chetu kilikuwa mbele. Nikawahesabu wazee moyoni, nani yuko wapi, nani hupunguza maswali, nikajua nimekwisha.

Nikaingia kitongojini na sikumkuta mtu.

Milango yote ilikuwa imefungwa. Vigoda vilikuwa nje mahali pake, kiko cha Mzee Ruhuza kimeegeshwa juu ya kigoda na bado kinatoa moshi, lakini mwenyewe hayupo. Kuku tu ndio waliokuwa njiani. Nilipopita nyumba ya tatu nilisikia mtu amekohoa ndani na mwingine akamkemea kwa kunong'ona. Nyumbani kwetu pia kulikuwa kimya. Nilikuita hukuitika.

Shangazi, roho iliniuma. Msichana wa Kasulu alikuwa ubavuni mwangu, ndiyo saa ya kushangiliwa na watu wangu, na watu wangu wamenifungia milango. Nikajua wamechukia kwamba naondoka. Nikakimbia kwa hasira kuliko nilivyowahi kukimbia kwa furaha, yule mrefu akabaki, na niliingia uwanjani wa kwanza huku nalia. Afisa alidhani ni moshi.

Nilirudi nyumbani jioni na barua ya kambi mfukoni. Nikakukuta umekaa mlangoni, mikono ina michubuko, nywele zimejaa pumba za mahindi, hutaki kuniangalia. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Ruhuza akaingia uwanjani kwetu na fimbo yake, akasimama mbele yangu.

"Nimekuja kuchukua salamu yangu ya asubuhi," akasema.

Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine, kitongoji kizima, kila mmoja anadai yake. Nikachuchumaa. Mapaja yalikuwa yanatetemeka, kila nikiinuka anafika mwingine, na hakuna aliyepunguza hata swali moja. Katikati ya makofi hayo ndipo nikaelewa. Walinisimulia wakipokezana kwamba siku moja kabla ulipita nyumba kwa nyumba, na mgongo wako ule, ukiwaomba wazee wajifungie ndani nitakapopita, ili nisivunje heshima na nisivunje mbio. Mzee Ruhuza alikubali kwa shida. "Nilikuchungulia kwenye ufa," aliniambia, "lakini kwa jicho moja. Jicho moja si kuona."

Kisha wakakucheka wewe. Walisema wenzako wote walijificha majumbani, ila wewe ulipanda ukaingia ndani ya kihenge cha mahindi na kujifunika, na mbio zilipokwisha hukuweza kutoka. Wanaume ndio waliokuja kukuvuta kwa mikono. Mzee Ruhuza aliigiza jinsi miguu yako ilivyokuwa inapiga hewa, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao. Wewe ulicheka kidogo tu.

Walipoondoka nilichuchumaa mbele yako nikakupigia makofi, maana nawe nilikuwa sijakusalimu vizuri siku hiyo. Ukaitikia. Nikakuuliza kwa utani kwa nini kihenge, Shangazi, wakati nyumba ipo.

Ulitoa punje moja ya mahindi nyweleni, ukaiangalia. "Nyumba ina mlango," ukasema. "Ningesikia miguu yako ningefungua. Ningefungua ungesimama. Na ungesimama mbele yangu, Sikora, nisingeweza kukwambia nenda."

Kisha uliinuka ukaenda kuweka maji ya ugali jikoni.

Nilikwenda Kigoma, nikaliona Ziwa, nikakimbia, nikafika hadi huku. Nimeshinda na nimeshindwa mara nyingi, na sasa nafundisha wasichana wanaochukia baridi kama nilivyoichukia mimi. Mgongo wako ulipokulaza nilirudi, nikawahi kukuuguza, na hilo linanipa amani. Lakini nakukumbuka, Shangazi. Nakukumbuka mpaka inauma, hasa kipupwe. Watu wamenipigia kelele kwenye viwanja vikubwa, wameita jina langu, nami niliwapungia mkono na kuwasahau. Lakini siku ile nilikudhania vibaya asubuhi nzima, kumbe wewe ulikuwa ndani ya mahindi, umeziba masikio, unaniachia njia.

Mimi hapa, mtoto wa kaka yako, niliyekwenda kwa sababu hukuniita,

Sikora