Kitambaa Kinachopita Pumzi

4 Machi

Mama watoto,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila vumbi la mbao linanikereketa koo. Hamjambo hapo? Mdogo ameacha kukohoa?

Kazi imeanza. Hii studio ya redio kuta zake ni tupu; ukisema neno, linakurudia kabla hujafunga mdomo. Natengeneza fremu, najaza pamba nzito, halafu navisha kitambaa. Kitambaa ndicho kilichonitoa jasho. Bahati nzuri jirani kuna mama mwenye duka, mjane, tunamwita Bi Mkasi maana mkasi hautoki shingoni mwake. Amenifundisha: weka kitambaa mdomoni, puliza. Pumzi ikipita, sauti nayo itapita, imezwe na pamba. Ikigoma, sauti itagonga na kurudi. Tumepuliza vitambaa vya duka zima, tukacheka mpaka machozi! Tumechagua kitani cha buluu.

Mumeo


15 Machi

Baba watoto,

Salamu zimefika. Mdogo hakohoi tena. Mimi mzima, maana swali lako la afya lilikuwa la wote.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa macho. Tangu tuoane, kochi gani ulilivisha bila mimi kushika kitambaa kwanza? Yule bwana wa hoteli alipong'ang'ania hariri kwenye viti vya kulia chakula, nani alimkatalia? Leo unapuliza na mwenye mkasi mnacheka mpaka machozi. Hayo machozi mlifutana na kitambaa gani?

Buluu sikatai. Lakini kipande kama kiganja, baba watoto, kingekula nini ndani ya bahasha?

Mkeo (bado)


28 Machi

Mama watoto,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi sina neno.

Umenichekesha, fundi mzima nikacheka peke yangu juu ya ngazi. Bi Mkasi ni mtu wa heshima zake. Akifunga duka hupita kuangalia tulipofika, anasema mikono yangu ina adabu na mbao. Basi. Wivu wa nini? Kipande hiki hapa, kishike.

Mumeo


22 Aprili

Mama watoto,

Natumaini mu wazima. Natumaini tu, maana hii ni barua ya tatu bila jibu.

Mvua imenyesha mfululizo na kitani kimelegea. Kila fremu imetoa kitambi. Meneja alipita akabonyeza moja kwa kidole, akaniambia, "Fundi, hizi ni kuta au mito?" Mwisho wa mwezi ujao wanataka kurusha matangazo. Bi Mkasi anashauri nipake gundi. Nimekataa, gundi itaziba matundu na sauti itarudi kama mwanzo. Mimi mbao naijua. Kitambaa ni chako. Nauli nimeweka humu. Waache watoto kwa dada yako, uje.

Mumeo anayekungoja


19 Mei

Baba watoto,

Nimefika nyumbani salama. Watoto wazima, wamenenepa kwa mama yao mkubwa mpaka wananiona mimi mgeni. Kiuno kinaniuma kwa kuinama, lakini zile fremu zilivyokaza baada ya kitambaa kulala chumbani na kuzoea hewa yake kabla ya kuvutwa upya, hata wewe uliona.

Kuna jambo sikukwambia tukiwa huko. Wiki yote Bi Mkasi hakukanyaga studio. Siku ya kuondoka, ukiwa ghalani, nilikwenda dukani kwake. Nilikuwa nimeshapanga maneno, makali yote.

Akanipokea kama mteja. Mzuri, nisiseme uongo. Akauliza nataka kitambaa cha nini. Nikasema cha ukutani, kisichorudisha sauti. Nikavuta kimoja, nikakinyoosha pembeni kuona kama kinarudi. Akaniangalia mikono, uso ukambadilika.

"Wewe ndiye mke wa fundi," akasema.

"Umejuaje?"

"Miezi yote hii, nikimwonyesha rangi, anajibu, 'Mke wangu angesema hii itapauka.' Nikimwonyesha mahameli, 'Mke wangu angeivuta kwanza.' Nimekusikia mpaka nimechoka, dada."

Akageuka kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Yale maneno yangu yote yalipotelea wapi sijui. Nilikwenda na wivu, nikaukuta wa kwake umekaa pale kaunta, na ni mbaya kuliko wangu, maana wangu una mtu wa kumwandikia. Nikamuaga kwa mikono miwili.

Wewe hujaona kitu, najua. Macho yako yako kwenye mbao. Kwa hiyo nakueleza mimi: ukianza chumba cha pili cha studio, nitakuchagulia kitambaa huku na kukutumia. Dukani kwake usiende tena. Akipita jioni kuangalia kazi, msalimie vizuri, ila usimsimulie habari zangu.

Safari hii sisemi kwa wivu.

Mkeo