Leo Nimemsinga Zuhura

Ijumaa. Joto tangu alfajiri, na wingu hata la kudanganyia hakuna.

Kisima chetu hapa Mitwero kimebaki tope. Mwaka mwingine, wakati kama huu, ningekuwa nimeshapogoa miwaridi na kuitilia samadi, nangoja mvua ya kwanza. Safari hii nimeogopa. Mti ukiukata na maji huna, jua linaumalizia. Mirehani imekufa yote. Umebaki mwasumini mmoja ukutani mwa bafu, unaoishi kwa maji ya kuogea.

Tangu nifiwe na mume wangu, nakula kwa maua. Natunga vikuba vya maarusi, vishada vya kubandika kifuani, na wenyewe nawasinga, nawasugua manukato mwilini, kabla ya kutolewa nje. Leo asumini zote zilizobaki nimezichuma, wala si za kuuza.

Ni za Zuhura, mdogo wangu wa tumbo moja. Kifua kimemshika tangu masika, na sasa nguo zinamning'inia kama zimeanikwa. Hospitali walisema nikae naye nyumbani, nimpe vitu laini. Nilielewa maana yake. Nadhani naye alielewa. Hatujawahi kulisema.

Jana mumewe, Bakari, alituma salamu kutoka shamba la mkonge anakofanya kazi: atakuja leo baada ya sala. Hajamwona mkewe tangu nilipomleta kwangu. Zuhura aliposikia akajiinua kwenye mto.

“Dada, nisinge. Asinikute nanuka dawa.”

Basi asubuhi nimesaga mti wa liwa kwenye jiwe, nikachanganya na mawaridi makavu, karafuu kidogo na mafuta ya nazi. Nimesinga wasichana wengi, mikono yangu inaijua kazi hii hata nikifumba macho. Lakini leo ilikuwa kama haijui ipite wapi. Kila ilipogusa ilikuta mfupa. Singo kazi yake ni kuondoa ngozi iliyochoka ili ile mpya ing'ae. Kwa Zuhura hakuna mpya chini yake.

Yeye alikuwa anacheka. “Polepole, utanifanya bibi arusi kweli.”

Nilimpaka wanja, nikamvika gauni lake la kijani, nikambandika kikuba kifuani. Ukwaju niliuloweka mapema, nikauchuja kwa kitambaa, nikautia tangawizi na sukari, nikauweka mtungini upoe. Siku hizi hicho tu ndicho kinachopita kooni mwake. Akaniambia nijaze bilauri mbili, moja ya mumewe, akasema yake hataigusa mpaka watakapokunywa pamoja.

Bakari alikuja. Kweli alikuja.

Alikaa barazani, kanzu yake safi, kifurushi mapajani.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Karibu ndani, mwenzio anakungoja.”

Hakuvua viatu. Nikamletea bilauri yake ya ukwaju. Akaitazama, akaisogeza kando taratibu.

“Hapa panatosha, shemeji.”

“Panatosha vipi? Mkeo yuko ndani.”

“Ugonjwa huu unaambukiza. Kule kambini tunalala wengi chumba kimoja. Na mama yangu hana mwingine ila mimi.” Akainama. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yadondoke kwenye kanzu. “Niliapa njia nzima kwamba nitaingia. Nimefika, miguu imekataa.”

Nilitaka kumtukana. Sikuweza. Mimi mwenyewe sahani ya Zuhura naiosha mbali na zangu, na akikohoa nageuza uso, kisha namwomba Mungu msamaha.

Akanipa kile kifurushi. Ilikuwa kanga mpya. “Mpe. Mwambie nimemkuta amelala.”

Akaondoka kwa haraka, kama mtu anayewahi mvua.

Nilisimama pale barazani nikitafuta uso wa kuingia nao. Nilipoingia, Zuhura alikuwa amekaa wima kitandani, kwa mkono mmoja ameushikilia ukuta asianguke. Bilauri yake ilikuwa imejaa bado.

Nikamwekea kanga mapajani. “Bakari amekuja. Amekukuta umelala, akaona asikusumbue.”

Aliniangalia kwa muda.

“Nilikuwa nimelala, dada?”

“Ulikuwa umelala.”

Akaipapasa ile kanga, upindo kwa upindo, asiifungue.

“Basi ungeniamsha.”

Nilimsaidia kulala, akageukia ukutani na wanja wake na gauni lake la kijani. Ukwaju hakuugusa. Nilipomwomba anywe hata tama moja, akatikisa kichwa.

Sasa magharibi imeadhiniwa na mimi nimekaa jikoni, naandika kwa herufi alizonifundisha baba, maana hakuna mtu wa kumwambia haya.

Kati ya kitanda chake na baraza kuna pazia tu. Sijui kama alisikia. Nikikumbuka alivyoniangalia, naona alisikia kila kitu, na akaniachia uongo wangu ili mimi nisiaibike. Nikikumbuka alivyoipapasa kanga, naona hakusikia.

Kama alisikia, hakuna dawa ninayoijua ya jambo hilo.

Kama hakusikia, kesho ataanza kumngoja upya. Nami nitamsaidiaje kungoja?