Punje za Chuma na Moshi wa Jikoni

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba mvua za huko Kahama zimewaachia angalau njia ya kwenda mwaloni kuosha dhahabu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Korea haina adabu, inaingia mwilini bila hodi.

Mdogo wangu Leticia ananiambia majirani wakikuuliza binti yako anasomea nini, unawajibu "sumaku", kisha mnacheka. Hujakosea. Ule mchanga mweusi unaobaki kwenye karai, unaoutoa kwa sumaku ya spika ili dhahabu ibaki peke yake, ninachotengeneza mimi ni ndugu yake. Ni chuma cha aina ileile, ila punje zake ni ndogo mno, unga wa muhogo ni mawe mbele ya hizo. Tunazivika utando, tunazimwaga kwenye maji yenye zebaki, zikishaikamata tunazivuta zote kwa sumaku.

Mwezi uliopita nilifanya mambo ya kwetu. Nilitaka unga wa punje hizo ukauke haraka, nikauweka kwenye moto mkali, kama unavyokausha wewe mchanga kwenye kikaango kabla ya kupitisha sumaku. Mayu, uligeuka mwekundu! Nikapitisha sumaku, wala haukushtuka. Profesa wangu, mama mmoja mpole, alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba punje ikiwa ndogo hivyo, sehemu yake kubwa ni ngozi. Chuma cha ndani hutii sumaku, lakini cha juu, kila chembe hutazama upande wake, kama wale wanaosimama barazani padri akihubiri. Na joto na hewa huanza kuharibu hapo hapo kwenye ngozi. Mchanga wako una punje kubwa, unavumilia moto. Wangu hauna pa kujificha. Nimeanza upya, nakausha polepole.

Sasa nisikilize, mama. Leticia ameniambia pia kwamba mikono yako inatetemeka ukimimina chai, nawe unasingizia uzee. Uzee gani, na juzi tu ulikuwa kwenye majaruba unapandikiza mpunga? Najua dhahabu uliyoikamata kwa zebaki unaichomea jikoni, mlango umefungwa, ili macho ya watu yasijue umepata nini. Bibi alifanya hivyo, na wenzako wote wa mwaloni wanafanya hivyo. Lakini moshi ule ni zebaki, na mdogo wangu analala chumba cha pili na mimba yake. Nililia, sikufichi. Kazi yangu ni ya kusafisha maji. Kilichoingia kifuani mwako sina sumaku ya kukivuta.

Nenda hospitali wiki hii, uende na Leticia, na uwaambie wazi kazi unayofanya. Msalimie shangazi wa Ngokolo. Baba mdogo naye mwambie nimewakumbuka ng'ombe wake kuliko yeye.

Na jikoni usichome tena, nakuomba kwa magoti. Mpaka upate njia nyingine, toka nje, nenda mbali na nyumba, simama upande upepo unakotoka. Watakuona, najua. Watasema Mama Nyamizi kapata. Waache waseme, Mayu. Wivu wa majirani tutauzoea, ila kukukosa wewe mimi sitaweza.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza, ninayekupenda sana,
Nyamizi