Mugithi wa Mama

Skuta, Nyeri
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Nderitu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini joto la Mombasa halijakumaliza na kwamba mguu wako umepona. Mimi ni mzima. Lile jino lililokuwa likinisumbua nimeling'oa. Nyumba ya Mama pale Gatitu naifungua kila Jumamosi ipate hewa. Bado inanukia sabuni yake ya kipande.

Uliniuliza kama nimempa fundi maneno ya kuchonga kwenye jiwe la kaburi, "Alipata alichoomba." Sijampa. Sababu nitakueleza, lakini kwanza nikusimulie safari, maana bila safari hiyo nisingepata nguvu za kukuandikia.

Wiki iliyopita nilipanda treni kutoka Nairobi kwenda Nanyuki. Ni safari ya siku moja, nami nikaifanya siku nne. Sikutaka kufika upesi.

Tulipopita Thika, usingizi na kuwa macho vilichanganyika. Mashamba ya kahawa yalipita polepole, kama mtu anayefunua kurasa bila kusoma. Sagana tulisimama muda mrefu. Mzee aliyeketi mbele yangu, Theuri, aliyewahi kufanya kazi ya reli, alisema treni haichelewi kamwe, ni watu wanaowahi mno. Mkewe, Njoki, akamwambia ati hata siku ya harusi yao alisema hivyo hivyo, walipomngoja kanisani hadi saa nane. Behewa zima likacheka, na mzee akajifanya anatazama mto.

Karatina nilishuka nikakaa kwa mama mdogo Tabby, akanilisha mukimo kana kwamba nimetoka vitani. Hakuniuliza nasafiri kwa nini. Siku ya nne nikapanda treni iliyofuata.

Baada ya Kiganjo mlima ukaanza kuhama. Mara uko dirisha hili, mara uko lile, kwa jinsi reli inavyopinda. Karibu na Naro Moru ukungu ulifunguka na theluji ikaonekana karibu sana hata nikajifunika shali. Nilijikuta nimehama kiti, nikaiacha nafasi ya dirishani wazi. Hakuna aliyeikalia mpaka Nanyuki.

Sasa, kaka, sikiliza. Unakumbuka nilipokupigia simu nikakuambia Mama anaomba mugithi kabla hajatuacha? Tulicheka sana. Ulisema bibi huyu ana mambo. Ukaja na mpiga gitaa, majirani wakajipanga uani wakishikana mabega, nami nikamsukuma Mama mbele yao kwenye kiti chake cha magurudumu. Ulilia kwa furaha mbele za watu.

Kwetu mugithi ni neno moja kwa densi ile na kwa gari la moshi. Mama alitaka gari la moshi, lile alilokuwa akilipungia mkono utotoni kutoka shambani, na hakuwahi kulipanda.

Nilijua siku hiyo hiyo. Tulipozunguka uani mara ya tatu alinivuta, akaniuliza sikioni tutafika Nanyuki saa ngapi. Nikamwambia bado kidogo.

Aliishi wiki saba zaidi. Treni ilikuwa ikipita, na daktari hakuwa amemkataza kusafiri. Lakini nilikuwa nimechoka kumbeba na kumwosha, nawe ulikuwa ukimwambia kila mtu kwamba umemtimizia mama yako. Nikanyamaza. Kosa si lako. Wewe ulifanya nilichokuambia. Ila siwezi kuyaacha maneno yale yachongwe juu yake.

Nimemwambia fundi aandike jina na miaka tu. Ukikasirika, kasirika, simu yako nitaipokea. Lakini sitaki ujue nusu. Nilipomwambia bado kidogo, Mama alifumba macho, akaegemeza kichwa kwenye mkono wangu, akasema basi nimwamshe tukifika.

Msalimie shemeji Anita, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu awalinde nyote huko, nasi huku atukumbuke.

Ni mimi dada yako,
Watiri