Neno ZOTE kwenye Friza Yangu

Ijumaa, Oyugis. Mawingu tangu asubuhi, stima imepotea mara mbili kabla ya saa nne, na kila friza inaponyamaza, nakimbilia kuigusa.

Mbele ya friza hiyo kuna maandishi mekundu: JAMNA BARIDI, VITAMINI ZOTE ZIMO. Ni mimi niliyemwambia mchoraji aandike hivyo. Zambarau, ambazo huku kila mtu huziita jamna, nilizigandisha msimu uliopita. Kwa kuwa zilitoka kwenye barafu zikiwa bado nyeusi na kung'aa, niliamini hakuna kilichopotea. Sikumuuliza mtu. Hata kanisani, siku ya somo la afya, nilisimama nikasema vivyo hivyo, na sauti yangu si ndogo.

Atieno, mteja wangu, alikuwa benchi la pili. Ana mimba ya miezi sita, na kliniki walimwambia damu yake ni kidogo, ameze vidonge vya madini ya chuma pamoja na tunda lenye vitamini C, ili mwili uyapokee vizuri madini hayo. Tangu siku ile hanunui machungwa tena. Vidonge vyake anavimeza na jamna zangu.

Jumatano nilienda Homa Bay kwenye mafunzo ya akina mama wauza matunda. Niliuliza swali langu nikitabasamu, nikingoja kusifiwa. Afisa wa lishe akanijibu kwa upole kwamba barafu inahifadhi vizuri, ila si milele. Nyuzinyuzi na madini hubaki. Vitamini C ndiyo hupungua mwezi baada ya mwezi, na stima ikipotea, matunda yakiyeyuka na kuganda tena, hupungua upesi zaidi.

"Usizitupe, mama," akasema. "Lakini hiyo 'zote' uitoe."

Sasa niungame. Jana Atieno alikuja dukani, nami nikamuuzia. Nilijifanya natafuta mfuko chini ya meza.

Sikumwambia.

Niliogopa nini? Kuchekwa tu, basi. Mtu ana mtoto tumboni, nami nalinda jina la jamna! Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hapa mficha uchi ni mimi, na anayesubiri kuzaa ni mwenzangu. Nimejionea haya mchana kutwa.

Leo nimechukua wembe nikakwangua ZOTE. Nimejikata kidole kidogo. Kisha nikafunga duka, nikanunua machungwa, nikaenda kwake kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Nilimweleza yote nikiwa mlangoni, kuketi sikuthubutu.

Aliupokea mfuko wa machungwa.

"Kumbe ndio sababu jana ulikuwa hauniangalii, nyaminwa," akasema.

Nyaminwa, yaani dada yetu. Heri angenitukana.

Halafu akamenya chungwa moja, akanikatia nusu. Akasema jamna ataendelea kula kwa sababu anazipenda, ila vidonge sasa ni na machungwa. Jumatatu anapimwa damu tena. Nimemwomba nimsindikize kliniki, naye amekubali.

Nimefika nyumbani na nusu ile bado mkononi, sijaweza kuila. Jumatatu wakisema damu bado iko chini, je, atanigawia tena?