Baba, Watoto wa Ng'ambo Wamesema

Baba yangu mpendwa,

Tangu tulipokuzika sijawahi kukubishia. Ni vigumu kumbishia mtu asiyeweza kujibu. Leo nitakubishia, na unisikilize mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukisikiliza taarifa ya habari, bila hata kukohoa.

Unakumbuka tulivyovuka ziwa kutoka Rumonge, Burundi, tukafika Ujiji? Nilikuwa na miaka minane, Kirundi tele na Kiswahili cha kuombea maji. Ulipata kazi ya kuanika dagaa kule Katonga, na kila jioni ulirudi na maneno mapya uliyookota kwa wavuvi, ukanifundisha kwa fahari. Mengine yalikuwa matusi, nawe hukujua. Siku nilipomwamkia jirani kwa mojawapo, mama alicheka hadi akakaa chini.

Shuleni hakukuwa na kicheko cha namna hiyo. Walinirudisha darasa la kwanza, nikakaa na watoto waliokuwa wakihesabu hadi kumi, wakati mimi nilikwishajua kugawanya. Nilipomwambia mwalimu kwamba najua, ulimi ukateleza, darasa likaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Kesho yake ulinisindikiza. Nilidhani unakwenda kusema. Ulivua kofia mlangoni, ukamshukuru mwalimu kwa kunipokea, basi. Njiani nilipotaka kuuliza, ulinishika bega.

"Ceceka," ulisema. "Nyamaza, mwanangu. Tunakaa kwa watu. Anayekaa kwa watu hajibu."

Sikulaumu, baba. Kule tulikotoka uliona mambo ambayo hukuwahi kunisimulia, na ukimya ndio uliotufikisha salama. Lakini ukimya ulionivusha ziwa ndio huohuo ulionikalisha darasa la kwanza mwaka mzima.

Sasa mimi ni mwalimu wa hisabati hapahapa Ujiji. Shuleni kwetu wapo watoto wengi waliotoka Kongo na Burundi. Mwezi uliopita Mwalimu Mkuu aliitisha kikao cha walimu na kamati ya wazazi. Alitaka watoto wote wa ng'ambo watolewe madarasani mwao, wawekwe chumba kimoja mpaka Kiswahili chao kinyooke. Si mtu mbaya. Ametoka Njombe, naye ni mgeni hapa, ila ni mgeni aliyeletwa na serikali, kwa hiyo hakuna anayemcheka akiongea.

Nilinyoosha mkono. "Wenyewe tumewauliza?"

"Watoto huamuliwa, mwalimu," alinijibu kwa upole. "Nia yetu ni njema."

Mzazi mmoja akadakia, "Unawatetea kwa sababu ni wako."

Nilisimama. Najua ungekuwapo ungenivuta nguo nikae. Sikukaa.

"Ndiyo, ni wangu," nilisema. "Na wako pia ni wangu, ndiyo maana anajua kugawanya. Huwa tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo mgeni atamponya nani kama hata salamu hatumruhusu kumaliza? Waiteni waseme. Mkikataa, andikeni kwamba mimi nimepinga, na mkitaka kunihamishia Ilagala kwa hilo, nihamisheni. Huko nako nitauliza."

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema waitwe.

Wa kwanza alikuwa Furaha, msichana wa darasa la sita kutoka Uvira, Kongo. Aliwaamkia wote, shikamooni, akashika kingo za meza.

"Sisi tunasikiaka Kiswahili," alisema. "Ya kwetu ni ingine kidogo tu. Kama munatutia peke yetu, ya huku tutaisikia kwa nani? Na nikijibu, banachekaka mbele sijamaliza. Jibu ninalo. Banaikatia njiani."

Hakuna aliyecheka. Yule mzazi aliangalia viatu vyake.

Kisha akaja Désiré, mvulana Mrundi. Huyu, baba, alinipiga chenga. Nilitarajia naye akatae. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye kweli haelewi, kwamba darasani maneno yanampita kama upepo, na angependa mtu wa kumfundisha jioni, ila asitolewe kwa wenzake. Nilikuwa nimejiandaa kuwasemea wote, kumbe hata mimi sikuwa nimemuuliza yeye.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Hakuna chumba cha peke yao. Atakayetaka atabaki saa moja baada ya masomo, na mimi ndiye nitakayewafundisha. Mwalimu Mkuu alisema tujaribu hadi muhula uishe. Yule mzazi aliondoka bila kuniaga, na nasikia sokoni ananiita Mrundi. Aniite. Ni jina lako na la baba yako, sioni pa kulionea aibu.

Baba, nilikuheshimu ukiwa hai na nakuheshimu sasa. Nakumbuka mikono yako ikinuka dagaa, ikinifunga kamba za viatu. Ila katika hili sitakutii tena, wala sitawafundisha watoto wa watu kunyamaza. Tunakaa kwa watu, kweli. Na sisi ni watu.

Jumatatu niliandika hesabu ubaoni, Furaha akanyoosha mkono. Alipotamka neno la kwanza, nyuma kuna aliyecheka. Nilitaka kumkemea, lakini Furaha aliniwahi. Alinyamaza, akageuka, akamtazama mwenzake mpaka kicheko kikamwishia mdomoni. Halafu akaanza tena, kuanzia mwanzo, polepole, hadi mwisho.

Lala pema, baba.

Ni mimi, binti yako mbishi.